Lacha wa Kila Kazi Hapatikani kwa Kuongeza Mbio

Tangu tarehe 18 Februari 2005, Sheria ya Uwindaji ya mwaka 2004 ilipoanza kutumika England na Wales, wanyama ambao mtu anaweza kuwakimbiza kwa mbwa bila kufungwa na masharti marefu wamebaki wawili tu: panya na sungura mdogo wa mashimoni, na hao pia kwa ruhusa ya mwenye ardhi. Sungura mkubwa wa uwandani, mbweha na kulungu wametolewa, isipokuwa katika nafasi finyu, kama vile kumtoa mnyama kichakani kwa mbwa wasiozidi wawili ili apigwe risasi. Pamoja na hayo, bado wapo wafugaji wa mbwa chotara waitwao lacha wanaopandisha mbwa wao kana kwamba hakuna kilichobadilika. Wanaongeza urefu wa miguu, wanaongeza mbio, wanaongeza damu ya saluki, mbwa wa jangwani, kisha wanamtangaza mtoto anayezaliwa kuwa ni mbwa wa kila kazi. Ninaona wanakosea, na kosa lao linawaumiza mbwa zaidi ya linavyowaumiza wao. Mbwa wa kila kazi kwa Uingereza ya leo ni mbwa wa sungura wa mashimoni, mwenye umbo la wastani, mtiifu na mkimya, na njia ya kumpata ni kuchagua wazazi wawili waliopimwa kazini, badala ya kurundika damu za aina nne au tano katika tumbo moja.

Kwa msomaji asiyemfahamu, lacha si mbwa wa nasaba moja. Ni mtoto wa mbwa wa mbio anayewinda kwa macho, kama greihaundi, wipeti, dirihaundi au saluki, aliyepandishwa na mbwa wa kazi nyingine, mara nyingi koli wa kuchunga kondoo au teria, mbwa mdogo wa kuwinda panya na wanyama wa mashimoni. Mtoto wa mbwa wawili wa mbio, kwa mfano greihaundi na saluki, wafugaji wa huko humpa jina jingine kabisa na wengi hawamhesabu kuwa lacha, kwa sababu kinachokosekana kwake ni kile kile kilichomfanya lacha atafutwe tangu mwanzo, yaani werevu na utii wa mbwa wa kazi. The Kennel Club, chama kinachosimamia nasaba za mbwa Uingereza, hakimtambui kama aina rasmi, na nitaeleza baadaye kwa nini naliona hilo kuwa heri kwake.

Historia yake ni ya watu wasio na ardhi. Mwishoni mwa karne ya 14, chini ya Mfalme Richard II, sheria ilimkataza mtu wa kawaida ambaye ardhi yake haikumletea shilingi 40 kwa mwaka kufuga greihaundi au mbwa mwingine wa kuwindia. Sheria ya mwaka 1671 ikapandisha kiwango hadi pauni 100 kwa mwaka, ikawapa walinzi wa makabaila mamlaka ya kupekua nyumba za watu na kuchukua nyavu, fereti (mnyama mdogo wa jamii ya vicheche wa kuwindia) na mbwa, na katika orodha ya mbwa wa kuchukuliwa lacha alitajwa kwa jina. Sharti hilo la mali lilidumu hadi mwaka 1831. Wapangaji wa mashamba nao walisubiri hadi mwaka 1880 kupata haki isiyoweza kunyang'anywa ya kuua sungura waliokuwa wakila mazao yao wenyewe. Katika karne hizo zote, kibarua wa kijijini aliyetaka nyama alihitaji mbwa mwenye mbio za kutosha kumfikia sungura, lakini ambaye hatamfanya mlinzi ageuze kichwa anapopita naye barabarani. Alihitaji pia mbwa asiyebweka akikimbia, anayetii ishara ya mkono gizani, na anayemletea bwana wake mawindo mkononi badala ya kuyalia shambani. Sifa za lacha zilichongwa na haja hizo, na katika orodha hiyo mbio ni sifa moja tu kati ya kadhaa.

Haja hizo hazijazeeka. Itazame kazi ya majira ya baridi kwa fereti, anayeingizwa shimoni ili kumtoa sungura. Lacha hupita kwanza juu ya mashimo, taratibu, akiwa uso kwa upepo. Kwenye shimo lisilo na kitu haoni sababu ya kusimama. Kwenye shimo lenye sungura huinamisha kichwa, sikio moja likageuka kuelekea ardhini, mguu mmoja wa mbele ukabaki hewani, na mkia ukatulia. Mwenye mbwa hutandaza nyavu kimya kimya juu ya kila tundu analoliona, na hapo mbwa anatakiwa kurudi nyuma hatua kadhaa, asizikanyage nyavu, asilie kwa hamu, asimguse fereti atakapochungulia nje. Sungura akitoka na kunaswa wavuni, mbwa humshika juu ya wavu bila kumponda mbavu. Akitokea kwenye tundu lililofichwa na miiba, ambalo halikuwekewa wavu, lacha ana mita 30 au 40 tu za kumfikia kabla hajazama katika shimo jingine au chini ya ua wa miti. Baada ya hapo atamrudisha akiwa hai mdomoni, aruke naye seng'enge, amkabidhi, kisha arudi mahali pake asimame tena. Kazi ya namna hiyo huchukua saa nyingi, na mbio zenyewe, ukizijumlisha, hazizidi dakika chache.

Kazi ya usiku kwa kurunzi ina mbio zaidi, lakini hata huko kinachotofautisha mbwa mzuri na mbwa wa kawaida hujitokeza anapokosa. Sungura akishaingia kwenye ua wa miti, mbwa mwerevu hugeuka na kumrudia bwana wake mara moja. Mwingine huzama gizani akifuata harufu, akiamsha kila sungura aliyebaki shambani, na huenda akakutana na kondoo. Mbwa wa namna hii hana kazi Uingereza. Kwa sheria ya mwaka 1953 mwenye mbwa anayesumbua mifugo hushitakiwa, na mfugaji anayempiga risasi mbwa huyo ili kuilinda mifugo yake ana utetezi mahakamani chini ya sheria ya mwaka 1971.

Tukiyashika hayo, tunaweza kuwapima wazazi. Greihaundi hukaribia kilomita 70 kwa saa, na hakuna mbwa anayemshinda kwa masafa mafupi. Ana moyo mkubwa kwa mwili wake, chembe nyekundu nyingi za damu kuliko mbwa wengine, na mwendo ambao katika kila mzunguko wa hatua miguu yote minne huachana na ardhi mara mbili. Ila greihaundi anayepatikana kwa urahisi leo ni wa viwanja vya mashindano. Tangu sungura wa mashine alipoanza kukimbizwa Belle Vue, Manchester, tarehe 24 Julai 1926, vizazi vingi vimechaguliwa ili kukimbia kwenye njia ya mviringo iliyolainishwa, kwa takriban nusu dakika, wakigeukia upande mmoja. Ngozi yake ni nyembamba kiasi kwamba seng'enge huichana kama karatasi. Manyoya yake hayamkingi na mvua ya Januari. Tena hakuna aliyewahi kumchagua kwa uwezo wa kufikiri peke yake, kwa kuwa uwanjani fikra haimpi ushindi. Anafaa kabisa kuwa chanzo cha mbio, na ndiyo sababu nusu ya damu yake inatosha.

Koli huleta kile ambacho greihaundi hana: manyoya mazito, nyayo imara, pumzi ya siku nzima, kumbukumbu, na ile tabia ya kumtazama mtu ili kujua la kufanya. Mtoto wao wa kwanza kwa kawaida huwa na kimo cha kati ya sentimita 58 na 65 begani, na hufunzika kuliko karibu mchanganyiko wowote mwingine. Kasoro zake zinajulikana na hazifai kufichwa. Hukomaa polepole, na mtu anayemhukumu akiwa na mwaka mmoja humwonea. Wapo wanaorithi tabia ya uchungaji kupita kiasi, wakamzunguka sungura na kumzuia kana kwamba ni kondoo, badala ya kumshika. Wapo wanaojeruhika moyoni kwa kukaripiwa mara moja. Werevu wenyewe pia una gharama, maana koli akishaelewa kwamba sungura hukimbilia tundu lile lile kila mara, huanza kwenda kumsubiri pale badala ya kumfukuza, na mwenye mbwa asiyeijua damu hiyo hudhani ni uvivu.

Kwa watu wengi, hata hivyo, mimi ningependekeza lacha mdogo zaidi, hasa mtoto wa wipeti na Bedlington teria. Wipeti mwenyewe ni kazi ya wachimba migodi na wafumaji wa kaskazini mwa England, ambao walihitaji greihaundi mdogo anayeweza kulishwa kwa mshahara wa kibarua, na anaaminika kuwa na damu ya teria ndani yake tangu asili. Mbio zake hufikia takriban kilomita 56 kwa saa. Bedlington alitoka katika kijiji cha wachimba makaa huko Northumberland, akiwa na pua kali, manyoya ya kukinga miiba, na ujasiri mkubwa kwa mwili usiozidi kilo 10 au 11. Wakipandishwa hutoa mbwa wa kimo cha kama sentimita 45, anayeanza kasi haraka, anayegeuka ndani ya nafasi ndogo, anayepenya chini ya uzio ambao lacha mkubwa anapaswa kuuruka. Atakosa sungura kwenye uwanda mpana, na huenda damu ya teria ikamfanya abweke akiwa mbioni, kasoro ambayo mnunuzi anapaswa kuiulizia kwa wazazi wote wawili. Lakini kwa fereti, kwa panya wa ghalani na kwa nyumba ya mjini anakorudi jioni, sijaona mchanganyiko unaotimiza mengi zaidi.

Sasa nije kwenye hesabu, ambako ndiko makosa mengi hufanyika. Wafugaji wa lacha wanapenda sehemu. Utasikia habari za nusu kwa nusu, za robo tatu greihaundi na robo koli, za tano juu ya nane, ambayo hupatikana kwa kumpandisha mbwa wa robo tatu na mbwa wa nusu. Sehemu hizo ni za kweli katika karatasi, ila katika mwili zina maana kizazi cha kwanza tu. Mtoto wa greihaundi na koli hupokea nusu kamili kutoka kila upande, kwa hiyo ndugu wa tumbo moja hufanana sana na mnunuzi anajua anachonunua. Ukiwapandisha watoto hao wao kwa wao, kila mmoja anapitisha nusu ya jeni zake bila mpangilio, na katika tumbo hilo hilo atatokea anayekaribia greihaundi, anayekaribia koli, na wengine waliochukua manyoya ya greihaundi pamoja na mwendo wa koli. Mkulima wa Afrika Mashariki hahitaji maelezo marefu hapa. Tangu mbegu chotara ya mahindi H611 ilipotolewa Kitale mwaka 1964, wakulima wamejifunza kwamba punje zilizobakizwa ghalani na kupandwa msimu wa pili hazirudishi shamba la msimu wa kwanza. Nguvu ya uchotara hupungua, na ulinganifu hupotea.

Ndiyo maana desturi ya kuongeza damu mpya kila inapoonekana kasoro inanitia wasiwasi. Mfugaji anaona lacha wake wa koli hana ukali wa kushika, anampandisha na chotara wa bulteria. Watoto wanapata ukali na uzito, wanapoteza kasi, naye anarudi kwa greihaundi. Wanakuwa na kasi na ngozi nyembamba, anatafuta pumzi kwa saluki. Baada ya vizazi vinne ana mbwa ambaye kila sifa imo ndani yake mahali fulani, na hakuna hata mmoja anayeweza kutabiri ni ipi itakayotokea kwa mtoto yupi. Ukali wa bulteria unaweza kujitokeza dhidi ya mbwa mwenzake. Ukaidi wa saluki unaweza kujitokeza katika ile sekunde moja anapoitwa arudi karibu na barabara kuu. Kasoro iliyokuwa ya kushughulikiwa kwa kuchagua dume bora zaidi wa aina ile ile imegeuzwa kasoro nne.

Kuna pia mambo yasiyoonekana kwa macho ambayo mfugaji wa zamani hakuwa na njia ya kuyajua na wa leo hana udhuru wa kutoyajua. Baadhi ya koli hubeba badiliko la jeni iitwayo MDR1, linaloruhusu dawa kama ivamektini, dawa ya minyoo, kupenya hadi kwenye ubongo. Mbwa mwenye badiliko hilo anaweza kudhurika hata kwa kula kinyesi cha mifugo iliyopewa dawa hiyo karibuni, jambo la kawaida kwa mbwa anayeshinda mashambani. Greihaundi kwa upande wake huchelewa sana kuondoa mwilini dawa za usingizi za jamii ya babituriti, kwa sababu kimeng'enya cha ini kinachozivunja ni kichache kwake. Lacha anaweza kurithi kutoka pande zote mbili, na anaposhonwa majeraha ya seng'enge ni vema daktari wa mifugo aelezwe wazi damu iliyomo. Koli wenye rangi ya mawingumawingu, inayopendwa sana sokoni, wana hatari nyingine: wazazi wawili wa rangi hiyo wakipandishwa, takriban robo ya watoto hurithi jeni hiyo mara mbili, na wengi wa hao huzaliwa viziwi, vipofu, au vyote viwili.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa wipeti. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya wipeti wa mashindano wana kasoro katika jeni ya miostatini, ambayo kazi yake ni kuzuia misuli isikue kupita kiasi. Mbwa mwenye nakala moja yenye kasoro hujaa misuli na huelekea kuwa mwenye kasi kuliko wenzake. Mwenye nakala mbili hugeuka pande la misuli lisilofanana na wipeti kabisa. Kila aliyekuwa akichagua mshindi bila kujua alikuwa akichagua pia mtoto mmoja kati ya wanne atakayezaliwa hivyo, endapo washindi wawili wa namna hiyo wangekutana. Hapa tunaona jinsi kufuata mbio peke yake kunavyoweza kupitisha kitu kingine mlangoni.

Naye Bedlington ana ugonjwa wa kurithi wa kulimbikiza shaba katika ini, unaohusishwa na jeni COMMD1, na huugua tu anayepata nakala mbili zenye kasoro. Mtoto wa kwanza wa Bedlington na wipeti hawezi kupata zaidi ya nakala moja kutoka kwa Bedlington, kwa hiyo kwa kawaida huwa salama. Akipandishwa na chotara mwenzake wa aina ile ile, usalama huo umekwisha. Vipimo vya jeni hizi zote vinapatikana, na mfugaji anayeweza kulipia lishe ya watoto sita au saba kwa wiki nane anaweza kulipia vipimo vya wazazi wawili.

Nimesema damu ya mbwa wa jangwani huongezwa, na sipendi ieleweke kwamba ninamdharau saluki. Wasomaji walioko Oman na nchi nyingine za Ghuba wanamfahamu kwa ukaribu kuliko mimi: mbwa wa masafa marefu, mvumilivu wa joto, anayeheshimiwa na wawindaji wa Kiarabu kwa karne nyingi. Waislamu wanajua kwamba aya ya nne ya Sura Al-Maida inahalalisha mawindo yaliyokamatwa na wanyama mliowafundisha, na sharti la mafunzo linatangulia pale. Mwarabu wa jangwani hakuwa na haja ya kumchanganya saluki, kwa sababu ardhi yake na mawindo yake vilimfaa saluki alivyo. Ardhi ya Uingereza inayofanana na uwanda wa namna hiyo ni ile tambarare ya mashariki, Lincolnshire, Cambridgeshire na Norfolk, na mawindo yanayokimbia hadi pumzi ya saluki ihitajike ni sungura mkubwa wa uwandani, ambaye sasa kumkimbiza ni kosa.

Huo ndio ukweli ambao watetezi wa lacha mkubwa mwenye damu ya saluki hawaupi nafasi yake. Uwindaji haramu wa sungura wa uwandani katika kaunti hizo umefungamana na kamari, na wakulima wanaothubutu kuwazuia watu hao wametishwa, mageti yao yamevunjwa, ngano yao changa imekanyagwa na magari. Polisi wa Lincolnshire wana operesheni maalumu ya kila msimu iitwayo Galileo. Bunge nalo liliongeza adhabu mwaka 2022 hadi kifungo cha miezi 6 na faini isiyo na kikomo, pamoja na uwezo wa mahakama kumpiga mtu marufuku kumiliki mbwa. Mfugaji anayezalisha mbwa kwa ajili ya mbio za namna hiyo, hata kama yeye binafsi hatoki usiku kwenda kwenye mashamba ya watu, anawapelekea mbwa watu ambao wengi wao hawatawatunza baada ya msimu. Sioni namna ya kuiita kazi hiyo ufugaji mwema.

Ipo hoja ya kweli inayonipinga, nayo inatoka kwa wafugaji ninaowaheshimu. Wanasema sungura wenyewe wa mashimoni wamepungua mno. Ugonjwa wa miksomatosi ulipofika Kent mwaka 1953 uliua zaidi ya asilimia 95 ya sungura wa Uingereza katika miaka michache, na ugonjwa mwingine wa kutokwa damu ndani, ulioingia mwaka 1992, umewafuta katika maeneo mengi waliyokuwa wamerudi. Kwa nini basi nimjenge mbwa juu ya mnyama anayepungua? Jibu langu ni kwamba pale alipobaki, bado anakula mazao, na sheria ya mwaka 1954 pamoja na amri iliyofuata zimemwacha karibu kila mwenye kushika ardhi England na Wales na wajibu wa kumdhibiti. Njia mbadala ni mtego, gesi ya sumu shimoni, au risasi. Fereti, wavu na mbwa mkimya humwacha ng'ombe wa jirani aendelee kula, na sungura aliyekamatwa ni chakula. Upungufu wa sungura, badala ya kutufanya tutafute mbwa mkubwa zaidi, ungepaswa kutufanya tuzalishe lacha wachache zaidi.

Hoja ya pili ni ya wale wanaopandisha lacha kwa lacha, kizazi baada ya kizazi, na ambao huona wanasingiziwa na hesabu niliyoitoa juu. Nakubali kwamba wapo waliofaulu. Siri yao, kwa ninavyowaelewa, ni kwamba walikuwa na mbwa wengi, waliwafanyisha wote kazi, waliwajua ndugu wa kila mzazi, na waliwatoa katika uzazi wale walioshindwa hata walipokuwa wazuri wa sura. Mtu mwenye jike mmoja na shamba la jirani la kuwindia Jumamosi hawezi kuiga mpango huo. Kwake, greihaundi au wipeti mwenye mwili mzima, aliyepandishwa na koli au Bedlington anayefanya kazi kweli, utakuwa uamuzi bora kila mara. Nasisitiza maneno anayefanya kazi kweli, kwa sababu koli aliyelala sebuleni vizazi vitano hana hakika ya kukupa kile unachomtafutia.

Muda nao hauheshimiwi. Jike hubeba mimba kwa takriban siku 63, na kuna watu wanaompandisha akiwa hajafikisha miaka miwili, wakati bado hakuna anayejua kama atabweka mbioni, kama atavumilia msimu wa pili wa majeraha, au kama atawaacha kondoo katika siku ambayo bwana wake yuko ng'ambo ya kilima. Ningesubiri misimu mitatu. Watoto watakaozaliwa watakuwa sita au zaidi, na mfugaji kwa kawaida anahitaji mmoja. Vituo vya kulea mbwa waliotelekezwa Uingereza na Ireland vimejaa lacha, wengi wao vijana, wengi wao wakubwa wa mwili, na wahudumu wa vituo hivyo huwasifu kwa upole wao nyumbani. Kama wanunuzi wa watoto wote hawajapatikana kabla jike hajapandishwa, basi asipandishwe.

Wengine wamependekeza kwamba tiba ya haya yote ni kumfanya lacha awe aina rasmi yenye kitabu cha nasaba. Hapo ninapinga kabisa, na ushahidi ni Bedlington mwenyewe. Alikuwa mbwa wa wachimba makaa. Katika miaka ya 1870 alipata klabu na jukwaa la maonyesho, na baada ya hapo alichaguliwa kwa kuchongwa manyoya hadi afanane na mwanakondoo, huku kitabu cha nasaba kilichofungwa, kisichopokea damu mpya, kikiilimbikiza ile kasoro ya shaba ndani ya damu yake mpaka ikawa tatizo la aina nzima. Wachache waliodumisha Bedlington wa kazi walifanya hivyo nje ya jukwaa hilo. Lacha akiwekewa kipimo cha sura, atafuata njia hiyo hiyo, kwa haraka zaidi, kwa kuwa hana hata sura moja ya kuanzia.

Ningependa badala yake kumbukumbu ya wazi inayotunzwa na wafugaji wenyewe, ambamo kila mbwa aliyezaa anaandikwa wazazi wake, kimo na uzito wake, kazi aliyoifanya kwa fereti, kwa kurunzi na mchana, majibu ya vipimo vya jeni, umri aliokufa na kilichomuua. Humo humo iandikwe kasoro yake kubwa kazini, kwa maneno ya kawaida: analia nyavuni, anaponda mawindo, haji akiitwa, anawatamani kondoo. Safu hiyo ya kasoro ijazwe kabla ya safu ya sifa, kwa sababu mtu anayemtafutia jike wake dume anahitaji kwanza kujua ni nini asikiweke pande zote mbili za tumbo moja.